Ngozi ya ndani ya govi: ilivyo, kazi yake na namna ya kuitunza

Tangu 2010, serikali ya Uganda ilipotoa sera yake ya tohara salama kwa wanaume, redio na mabango vimesema mengi juu ya kukata govi. Juu ya kulitunza, karibu kimya. Kwa Wagisu kule Mbale, kijana hufikiwa na mwaka wake wa imbalu, sherehe ya kutahiri vijana, akaachana nalo mbele ya ukoo mzima. Mtoto wa Kiislamu hutahiriwa mapema. Lakini wako watu wa Buganda, Waacholi, Walangi, Waiteso na wengine wengi ambao mila zao hazina jando, na aliyebaki na govi lake aghalabu hajaelezwa na baba wala mjomba zaidi ya neno moja: jioshe.

Ajioshe wapi, kwa nini na mara ngapi? Makosa karibu yote huanzia mahali pamoja, kudhani kwamba ngozi ya ndani ya govi ni ngozi kama ya mkono. Siyo. Ni ndugu ya ngozi ya ndani ya mdomo na ya upande wa ndani wa kope. Wanaoiumiza kwa uvivu wapo, ila wanaoiumiza kwa bidii ni wengi vilevile: kusugua, sabuni kali, dawa za chupa, malimau.

Ilivyokaa

Chukua mkono mrefu wa shati, uikunje ncha yake kuelekea ndani mpaka karibu na kiwiko. Hapo umepata govi. Ni ngozi moja iliyojikunja: upande wa nje ni mwendelezo wa ngozi ya uume, mkavu na wenye rangi ya mwili; ikifika kwenye mdomo wa mbele hujipinda na kurudi ndani, ikakifunika kichwa cha uume na kwenda kujishikiza nyuma ya ukingo wa kichwa hicho, kwenye kibonde ambacho hapa tutakiita shingo. Upande huo wa pili ndio ngozi ya ndani. Hauna nywele, una unyevu, na kwa kawaida rangi yake huwa tofauti kidogo na ya nje.

Mtu mzima anaweza kujitazama mwenyewe penye mwanga wa kutosha. Rudisha govi nyuma polepole. Kwanza mdomo wa govi hupanuka. Kisha, mara tu baada ya kona ya mkunjo, hutokea mkanda wenye vikunjo vidogo vidogo kama ukingo wa soksi. Mwaka 1996 daktari John Taylor wa Canada aliueleza mkanda huo kuwa umejaa miisho ya neva ya kuhisi mguso mwepesi. Baada ya mkanda hufuata ngozi laini inayong'aa, inayokwenda hadi kwenye shingo. Govi likishavutwa lote, ngozi hii iliyokuwa imejificha hulala juu ya shina la uume, na wengi hushangaa kuona ilivyo ndefu. Watafiti wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, walipopima magovi yaliyokatwa, wastani wa eneo lote ulikuwa kama sentimita 37 za mraba, pungufu kidogo ya kadi ya kitambulisho.

Upande wa chini, chini ya tundu la mkojo, kuna kijikamba cha ngozi kinachounganisha govi na kichwa, mfano wa kile kilicho chini ya ulimi. Kina hisia kali, kina mshipa wa damu, na ndicho kinachochanika kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukivuta govi ukaona kichwa kinainama chini kama samaki aliyenasa kwenye ndoana, kijikamba chako ni kifupi. Kama hakiumi wala hakichaniki, kiache.

Inavyofanya kazi

Kifuniko hiki huzuia kichwa cha uume kusuguliwa na nguo na kukauka. Wakati wa tendo la ndoa ngozi huteleza juu ya yenyewe, ya nje juu ya ya ndani, na hivyo msuguano hupungua. Vikunjo vya ule mkanda hufunguka na kujifunga, na huko ndiko sehemu kubwa ya hisia za govi hutoka.

Ngozi ya ndani pia ni mlinzi. Ina seli za kinga zinazokaa karibu na uso wake zikisubiri vijidudu. Ubaya ni kwamba baadhi ya seli hizo ndizo zinazopendwa na virusi vya UKIMWI. Mlinzi aliyewekwa mlangoni ndiye anayeshikwa wa kwanza. Tutarudi hapo mbele.

Na ule weupe? Ngozi ya ndani hujimenya kidogo kidogo kila siku. Seli zilizokufa huchanganyika na mafuta ya mwili na unyevu, zikawa kitu laini cheupe kama nta au maziwa yaliyoganda. Kikiwa kidogo na kipya si ugonjwa wala uchafu wa aibu. Wanawake nao wanacho kwenye mikunjo yao. Kikiachwa siku tatu au nne kwenye joto la Gulu au Arua, vijidudu hukila, harufu hupanda, na ngozi huanza kuwasha.

Mtoto: usivute

Hili lisomwe na mama, shangazi, bibi na yaya. Mtoto wa kiume huzaliwa ngozi ya ndani ya govi ikiwa imegandana na kichwa cha uume, kama ukucha ulivyogandana na nyama ya kidole. Hakuna nafasi hapo katikati, kwa hiyo hakuna cha kuosha. Anayelivuta govi la mtoto kila anapomwogesha, akiamini anamsafisha au anamfungulia njia, anachana nyama mbichi. Kidonda hupona kwa kovu, kovu husinyaa, na govi ambalo lingefunguka lenyewe linabana kweli.

Govi lina kalenda yake. Jakob Øster wa Denmark alifuatilia wavulana wa shule kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 1968. Kwenye umri wa miaka 6 hadi 7, asilimia 63 walikuwa bado na sehemu zilizogandana. Kwenye miaka 16 hadi 17, asilimia 3 tu. Waliokuwa na govi lililobana kabisa walikuwa kama asilimia 8 wakiwa wadogo na asilimia 1 wakikaribia utu uzima. Muda ndio ulioifanya kazi hiyo.

Basi mwogeshe mtoto kwa nje tu, kama unavyomwosha kidole. Ataligundua govi lake mwenyewe na kulivuta mwenyewe, kwa kiasi anachoweza bila maumivu. Akishaweza, mfundishe mambo matatu: rudisha nyuma, suuza kwa maji, rudisha mbele.

Yapo mawili yanayowatia wazazi hofu bure. Moja ni govi kuvimba kama puto dogo mtoto anapokojoa, kisha kunywea. Kama mkojo unatoka kwa mkondo na halii, hiyo ni dalili kwamba ngozi zinaachana. La pili ni vijipu vyeupe au vya njano vinavyoonekana chini ya ngozi. Ni ile nta iliyojikusanya, si usaha, na itatoka yenyewe njia ikifunguka. Usiikamue. Mpeleke kituo cha afya akikojoa tone tone kwa kujikakamua, akilia kila anapokojoa, akiwa na homa, au govi likiwa limevimba jekundu na kutoa usaha au damu.

Kuosha kwa mtu mzima

Mara moja kwa siku inatosha. Siku ya joto kali au ya kulima, mara mbili. Maji yanayohitajika hayazidi nusu lita, kopo moja la plastiki, hivyo hata pale maji yanaponunuliwa kwa jerikani hakuna kisingizio. Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua yanafaa. Ya ziwa au ya kinamasi yana kichocho, na kichocho hupenya ngozi. Yachote, yafunike, yakae siku mbili ndipo uyaogee.

Anza na mikono. Hii si adabu tu. Aliyetoka kukata pilipili, au kupuliza dawa kwenye nyanya au kahawa, akaishika ngozi hii bila kunawa kwa sabuni, atakumbuka siku hiyo.

Rudisha govi nyuma taratibu mpaka shingo ionekane. Likigoma, ishia pale lilipogoma. Usilazimishe hata kwa maji ya moto. Mimina maji ya uvuguvugu au ya baridi, na kwa ncha ya kidole pitisha kwa wepesi kuzunguka shingo nzima, halafu pande zote mbili za kijikamba. Hizo ndizo pembe ambazo nta hujificha. Wengi huosha kichwa juu, penye kung'aa, wakaacha bondeni. Nta iliyokauka usiikwangue kwa ukucha. Ilowanishe dakika mbili au tatu, itaachia. Ikigoma leo, paka tone la mafuta ya kupikia yaliyo safi, uoshe tena kesho.

Sabuni si lazima. Ukiitaka, iwe ya kuogea isiyo na manukato makali, na ianzie kwenye kiganja cha mkono. Usisugue kipande chenyewe juu ya ngozi ya ndani. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe. Sabuni iliyobaki chini ya govi ni chanzo kikubwa cha wekundu na muwasho ambao watu huuita fangasi, wakaanza kupaka dawa za fangasi, huku wakiendelea na sabuni ileile. Sabuni ya mche ya kufulia, dawa za chupa za kuulia vijidudu, jiki, limau, dawa ya meno na majani ya mganga visifike huko kabisa. Vinaua pia vijidudu rafiki wanaoishi hapo, na vinaichubua ngozi.

Futa kwa kugusagusa na kitambaa laini kikavu, au acha hewa ikaushe dakika moja. Kisha rudisha govi mbele mpaka lifunike kichwa kama lilivyokuwa. Hatua hii ya mwisho usiisahau hata siku moja. Sababu yake inakuja.

Kukojoa nako kuna utaratibu wake. Rudisha govi kiasi cha tundu la mkojo kuwa wazi, kojoa, kamua kidogo kwa kidole kutoka chini ya korodani kuja mbele, kung'uta, rudisha. Mkojo unaobaki ndani ya mkunjo ndio unaoleta harufu ambayo mwenyewe haisikii, ila jirani kwenye taksi anaisikia. Chupi iwe ya pamba, ibadilishwe kila siku, na ikaushwe juani.

Kondomu, na baada ya tendo

Asiyetahiriwa avae kondomu hivi: rudisha govi nyuma kwanza, bana ncha ya kondomu kuondoa hewa, ikunjue mpaka kwenye shina, kisha sukuma ngozi na kondomu kwa pamoja kuelekea mbele kidogo ili govi lipate kuteleza ndani yake. Ukivaa huku govi limefunika kichwa, likivutika katikati ya shughuli huvuta kondomu nayo, ikatoka au ikapasuka.

Kuna jambo moja la Rakai linalowashangaza wengi. Takwimu zilizotolewa mwaka 2007 zilionyesha kuwa wanaume wasiotahiriwa waliokimbilia kujiosha dakika chache baada ya tendo waliambukizwa VVU zaidi kuliko waliosubiri dakika 10 au zaidi. Huenda maji hupunguza ukali wa majimaji ya uke yanayovidhoofisha virusi, au kusugua huikwaruza ngozi iliyolainika. Kwa vyovyote, kujiosha haraka si kinga. Jifute polepole kwa kitambaa kikavu, pumzika, oga baadaye. Kondomu ndiyo kinga. Na kama imepasuka au haikuwepo, nenda kituo cha afya uombe dawa za kuzuia maambukizi kabla ya saa 72 kupita, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi.

Muwasho, wekundu, harufu

Ngozi ya ndani ikiwa nyekundu na kuwasha, acha kila kitu kwanza: sabuni, mafuta, manukato, kondomu zenye vilainishi vya harufu. Osha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Muwasho wa sabuni hutulia ndani ya siku tatu nne.

Kama kuna madoa mekundu madogo yanayong'aa, weupe kama maziwa ya mgando na kuwasha kwingi, hapo fangasi inawezekana. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa kwa wembamba mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 14, hata muwasho ukiisha mapema. Mwenzi mwenye muwasho naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Hapa inafaa tahadhari ya duka la dawa. Ukisema tu kwamba unawashwa, muuzaji mara nyingi hukupa tyubu yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe. Muwasho hukatika usiku uleule, mteja anafurahi, anaendelea nayo miezi. Steroidi kali kwenye ngozi nyembamba namna hii huifanya iwe nyembamba zaidi, ichanike ovyo, na fangasi irudi kwa kishindo. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa tyubu. Ukiona klobetasoli au betamethasoni na hukuandikiwa na daktari, irudishe.

Fangasi ikirudi mara ya tatu ndani ya mwaka, au mdomo wa govi ukichanika nyufa nyufa zinazouma kwa mtu aliyevuka miaka 35, usinunue krimu nyingine. Pima sukari. Mkojo wenye sukari ni chakula cha fangasi, na wapo wanaume wengi ambao kisukari chao kilitangazwa na govi kabla ya kiu na kukonda. Sukari ya damu kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi, na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Govi lililobana

Kwa kijana asiye na maumivu, kubana ni suala la subira na kunyoosha polepole. Kwa mtu mzima ambaye govi lake lilikuwa likifunguka na sasa halifunguki, kuna sababu: kovu, kisukari, au ugonjwa wa ngozi unaoacha pete nyeupe, ngumu, yenye mng'ao kama karatasi ya sigara. Pete hiyo ionwe na daktari, kwa sababu inaweza kuziba njia ya mkojo na, kwa miaka, kugeuka saratani.

Palipo na kubana bila kovu, matibabu ya kwanza si kisu. Daktari huandika krimu ya betamethasoni ya asilimia 0.05, ipakwe kwenye ule mdomo unaobana tu, mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, pamoja na kunyoosha. Kunyoosha maana yake ni kuvuta mpaka usikie mkazo, si maumivu, ukashikilia nusu dakika, ukaachia, ukarudia kwa dakika chache. Ukiona damu umezidisha, pumzika wiki nzima. Hii ndiyo steroidi yenye kazi na kikomo, tofauti na ile ya tyubu ya muwasho.

Govi kukwama nyuma: hii ni dharura

Govi lenye mdomo mdogo likirudishwa nyuma likasahaulika, ule mdomo huwa kama mpira uliokaza nyuma ya kichwa. Damu huingia, haitoki. Kichwa huvimba, ngozi ya ndani hujaa maji ikawa kama tairi dogo la baiskeli, na kadiri inavyovimba ndivyo inavyokaza. Ukiacha saa nyingi, kichwa hukosa damu.

Fanya hivi mara moja. Kaa au lala. Shika kichwa na uvimbe wote kwa kiganja, kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukamue kwa nguvu ya wastani isiyoachia kwa dakika 5 hadi 10. Lengo ni kusukuma maji yarudi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia kwa dakika chache, isigusane na ngozi moja kwa moja. Sukari ya kawaida ya chai ikipakwa kwa wingi juu ya uvimbe nayo hunyonya maji, ila huchukua saa moja au mbili, kwa hiyo ni ya kutumia ukiwa njiani kwenda hospitali. Uvimbe ukipungua, weka vidole gumba viwili juu ya kichwa, vidole vingine nyuma ya ile pete, sukuma kichwa kiingie huku ukivuta govi lije mbele. Lisiporudi jaribio la kwanza au la pili, au kichwa kikiwa cha buluu, cheusi au kimekufa ganzi, panda boda boda uende hospitali saa hiyohiyo. Mchana au usiku, usingoje asubuhi.

Na sasa neno kwa wanaouguza. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, na mzee aliyepooza au aliyewekewa mpira wa mkojo hawezi kusema kwamba kuna kitu kinambana. Mpira huwekwa govi likiwa limevutwa nyuma, na kuna wakati halirudishwi. Kila unapombadilisha nguo, tazama: govi liwe limefunika kichwa. Osha kuzunguka mpira kwa maji na sabuni laini kila siku, kausha, rudisha. Ni kazi ya dakika mbili. Ukiona haya kwa kuwa ni baba mkwe, mwombe mwanaume wa ukoo aifanye, lakini ifanyike.

Kuchanika na vidonda

Kijikamba kikichanika damu hutoka nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Bana kwa kitambaa safi dakika 10 kamili bila kuchungulia. Ikiendelea baada ya dakika 20, nenda kituo cha afya. Acha tendo la ndoa mpaka ngozi iwe imepona kabisa. Anayerudi siku ya nne hukichana tena palepale, kovu hukifupisha, na mwisho huhitaji upasuaji mdogo wa kukirefusha. Jeraha bichi pia ni mlango wazi wa VVU.

Kuhusu vipele, tofautisha. Vijipele laini vya ukubwa mmoja, vilivyojipanga mstari mmoja hadi mitatu kwenye ukingo wa kichwa kama shanga, ni maumbile, havitibiwi. Vinyama vinavyoota bila mpangilio kama koliflawa ni sugu za zinaa. Kidonda kimoja kigumu kisichouma kinaweza kuwa kaswende, na chini ya govi hujificha, hupona chenyewe baada ya wiki chache, mwenyewe akadhani mambo yamekwisha wakati ugonjwa umeingia ndani. Malengelenge yanayochoma, vidonda vinavyouma na usaha kwenye tundu la mkojo vina matibabu tofauti tofauti, kwa hiyo nenda ukapimwe, pamoja na mwenzi wako. Kidonda au kinyama kisichopona kwa wiki 4, hasa kinachotoa damu au harufu chini ya govi lisilofunguka, kichukuliwe kipande kupimwa saratani. Saratani ya uume ikiwahiwa hutibiwa kwa kukata kidogo. Ikichelewa hukatwa uume.

Kuliacha au kulikata

Majaribio matatu makubwa, ya Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai hapa Uganda, yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kiasi cha nusu hadi asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi. Sababu ni ile ya mlinzi wa mlangoni: ngozi ya ndani ndiyo inayokutana na majimaji ya mwenzi. Rakai ilikuta hata ukubwa una maana. Walioambukizwa walikuwa na magovi ya wastani wa sentimita 43 za mraba, wasioambukizwa kama 37. Nusu si yote, hivyo aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu. Na tohara ya mwanaume ambaye tayari ana VVU haikuonekana kumkinga mkewe.

Kwa mtu mzima uamuzi ni wake. Akichagua kukata, afanye kwenye kituo cha serikali ambako huduma hii hutolewa bure, aulize kwanza juu ya chanjo ya pepopunda, maana nchini kumewahi kutokea pepopunda baada ya tohara na baadhi ya njia za kutahiri huhitaji dozi zaidi ya moja wiki kadhaa kabla. Kidonda kisipakwe majivu, samadi wala majani. Tendo la ndoa lisubiri wiki 6, hata kama kwa macho kimepona wiki ya tatu. Ngozi mpya iliyofunga juu bado haijafunga chini. Akichagua kubaki nalo, nusu lita ya maji kila siku, na govi lirudi mbele.